Melind ya Milton, Malindi Yetu: Msomi wa Fasihi ya Kiingereza Anafanya Kazi Gani?

Mwaka 1667 mshairi wa Uingereza John Milton alichapisha utenzi wake mrefu wa Adamu na Hawa, Paradise Lost. Kuelekea mwisho, malaika anampandisha Adamu mlimani na kumwonyesha falme zitakazosimamishwa na kizazi chake. Majina yanapita mfululizo, Samarkand, Agra, Lahore, Moscow, kisha yanashuka pwani yetu: Mombaza, Quiloa, Melind. Ni Mombasa, Kilwa na Malindi hizo. Milton hakuwahi kufika huku, na alipokuwa akitunga alikuwa kipofu, yeye anatamka na wengine wanaandika. Majina aliyapata vitabuni, na vitabu vikayapata kwa mabaharia.

Msomaji wa mtaa wa Shela au Maweni hapa Malindi anaweza kutabasamu kuona mji wake umetajwa na mkubwa wa Kiingereza, akafunua ukurasa unaofuata. Msomi wa fasihi hukwama hapo hapo. Jina hili lilifikaje London? Kwa nini Malindi ni jina tu katika orodha, halina mtu, halina tendo?

Akirudi nyuma miaka 95 anakuta jambo kubwa zaidi. Mwaka 1572 Mreno Luís de Camões alitoa Os Lusíadas, utenzi wa safari ya Vasco da Gama, na mwaka 1655 ukafasiriwa kwa Kiingereza kwa mara ya kwanza. Humo Malindi ina mfalme, tena mwungwana, anayempokea mgeni kwa heshima na kumwomba asimulie habari za kwao. Gama anaanza. Hamalizi mpaka nyimbo 3 kati ya 10 za utenzi zimekwisha, na muda wote huo mfalme wa Malindi anasikiliza. Sasa weka hilo kando ya historia: mwaka 1498 ni Malindi iliyompa Gama rubani wa kumvusha hadi Calicut, India. Aliyeijua bahari kafanywa msikilizaji, na aliyeomba rubani kafanywa msimulizi. Kuuliza nani kapewa ulimi na nani kapewa masikio, kisha kuonyesha kwa beti mahali hasa lilipofanyika jambo hilo, ndiyo kazi ya msomi wa fasihi ya baada ya ukoloni. Mengine yote, vyeo, makongamano, majarida, yamejengwa juu ya hapo.

“Kwani Kiingereza hajakijua bado?”

Swali hili huulizwa katika nyumba nyingi zenye kijana anayesomea shahada ya uzamivu, na lina haki yake. Jina la idara ndilo linalopotosha. Idara ya Kiingereza katika chuo cha Uingereza au Marekani si darasa la lugha. Humo huchambuliwa tamthilia za Shakespeare, lakini pia riwaya za Nigeria, mashairi ya Jamaika na simulizi za Wamaori, almradi zimeandikwa au zimefasiriwa kwa Kiingereza. Kumwita mtu wa idara hiyo “mtu wa Kiingereza” ni kama kumwita fundi wa jahazi “mtu wa mbao”.

Kenya hali ni nyingine, na sababu yake ina tarehe. Tarehe 24 Oktoba 1968, wahadhiri watatu wa Nairobi, Ngũgĩ wa Thiong’o, Taban lo Liyong na Henry Owuor-Anyumba, waliandika waraka wa kutaka Idara ya Kiingereza ivunjwe. Hawakusema Kiingereza kifukuzwe. Walisema Afrika iwe katikati na Ulaya ipangwe pembeni yake, na fasihi simulizi iingie darasani kama fasihi kamili. Vita vile walivishinda kwa sehemu kubwa, ndiyo maana Nairobi kuna Idara ya Fasihi, na mtu mmoja anaweza kuwa na shahada ya “Fasihi” ya nyumbani na ya “Kiingereza” ya ughaibuni ilhali amesoma jambo lile lile. Waraka huu ulitangulia kwa miaka 10 kitabu cha Edward Said cha 1978 kuhusu namna Ulaya ilivyoichora Mashariki, jambo ambalo vitabu vingi vya nadharia hulipita mbio.

Kosa jingine la kawaida ni kudhani msomi wa fasihi lazima awe mtunzi. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyepata Nobel mwaka 2021, alikuwa vyote viwili, na ndiyo maana anafaa kuonyesha tofauti. Tasnifu yake ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Kent, ya mwaka 1982, haikuhusu pwani yetu hata kidogo. Ilihusu vigezo vya kuhakiki riwaya za Afrika Magharibi. Alifundisha Kano, akarudi Kent, akafundisha hadi alipostaafu mwaka 2017. Riwaya zilikuwa zikitoka sambamba, lakini uhakiki na uhariri una mizani yake, na riwaya mizani yake. Wapo wasomi wakubwa ambao hawajawahi kutunga hata ubeti.

“Baada” ya ukoloni wa nani?

Neno “baada” limewasumbua wengi. Wasomi watatu wa vyuo vya Australia, Ashcroft, Griffiths na Tiffin, walipotoa kitabu chao mwaka 1989 walilitumia kwa utamaduni wote ulioguswa na ukoloni, tangu siku mkoloni alipotia mguu hadi leo. Kwa maana hiyo halihesabu miaka tangu bendera iteremshwe. Linataja uhusiano.

Pwani ya Kenya hata maana hiyo haitoshi, kwa sababu hatukuwa na bwana mmoja. Wareno walikuja na kuondoka. Waomani wakafuata. Wajerumani walikuwa Witu tangu 1885 hadi 1890. Himaya ya Uingereza ilitangazwa 1895, lakini ukanda wa maili 10 ulihesabika kuwa mali ya Sultani wa Zanzibar mpaka 1963. Mwanafunzi anayeandika “mkoloni” bila kusema yupi ameshapotea kabla hajafika ukurasa wa pili.

Mfano mzuri ni Al-Inkishafi, shairi la Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, lililotungwa karibu na mwanzo wa karne ya 19. Mshairi anatazama magofu ya mji wa Pate: vidaka vilivyopambwa kwa vyombo vya kauri sasa wamelala makinda ya ndege. Kila mara hutokea mtafiti anayeisoma kama kilio dhidi ya Ulaya. Siyo. Wareno walikuwa wameshaondoka, Waingereza hawajaingia, na Pate iliangushwa na fitina za ndani, ushindani na Lamu na nguvu za Wamazrui wa Mombasa na Waomani. Zaidi ya hayo, shairi lenyewe linasema na moyo wa mtu kuhusu kifo na udanganyifu wa dunia. Kuiingiza Ulaya mahali isipokuwepo ni kuipa ukubwa ambao mshairi hakuipa.

Ulaya inaingia baadaye, kupitia tafsiri. William Hichens alichapisha Al-Inkishafi kwa Kiingereza mwaka 1939, James de Vere Allen mwaka 1977, na wote wawili katika kichwa kidogo cha kitabu walitumia neno la Kiingereza lenye maana ya roho. Mshairi anauambia moyo. Kiswahili kina roho, kina nafsi, naye hakuyachagua. Je, wafasiri walikosea? Hapo msomi hapaswi kuwa na haraka. Moyo kwa Kiingereza huvuta fikra kwenye mapenzi, ilhali katika lugha ya dini ya pwani, iliyolelewa na Kiarabu, moyo ndio unaoelewa, unaosahau na unaoasi. Hichens huenda aliliokoa jambo moja kwa kulipoteza jingine. Makala nzima ya jarida inaweza kusimama juu ya neno hilo moja, na ingekuwa bora kuliko makala nyingi zinazobeba bara zima.

Tena kuna hati. Miswada ya zamani iliandikwa kwa herufi za Kiarabu, ambazo zina irabu tatu dhidi ya tano zetu: kasra moja husomwa i au e, dhamma moja husomwa u au o. Katika nakala nyingi p huandikwa kama b, na n au m iliyo mbele ya konsonanti haiandikwi kabisa. Kwa hiyo “penda” na “pinda” zinaweza kuonekana sawasawa: ba yenye kasra, dali yenye fatha, alama ya a. Anayeamua kama mshairi alisema mtu ameupenda ulimwengu au ameupinda ni msomaji anayejua mizani, vina na Kiamu, lahaja ya Lamu. Kijana wa Lamu au Malindi aliyepita chuo cha Kurani kwa maalimu ana msingi wa hati hii tayari. Kwa bahati mbaya huambiwa ni mambo ya dini, ayaache mlangoni anapoingia chuo kikuu. Wenzake wa Ulaya hulipia kozi kujifunza alichokiacha.

Wenyeji asilia: neno lenye kura ndani yake

Fasihi ya wenyeji asilia mara nyingi huunganishwa na fasihi ya baada ya ukoloni kwenye tangazo moja la kazi, lakini hazilingani. Kanada, Australia, New Zealand na Marekani, mlowezi hakuondoka. Aliunda nchi na akabaki kuwa wengi. Mwandishi wa Kimaori au wa Australia asilia haandiki “baada” ya kitu, kwani mwenye nyumba mpya bado yumo ndani. Patricia Grace wa New Zealand alipotoa riwaya yake Potiki mwaka 1986 aliacha maneno ya Kimaori bila faharasa ya maana, na wapo waliolalamika. Mwaka 1999 Linda Tuhiwai Smith, naye Mmaori, alianza kitabu chake kuhusu mbinu za utafiti kwa kusema kwamba kwa watu asilia neno “utafiti” ni miongoni mwa maneno machafu kabisa.

Umoja wa Mataifa ulipopitisha Azimio la Haki za Watu Asilia mwaka 2007, nchi 4 zilipinga, ndizo hizo hizo: Australia, Kanada, New Zealand na Marekani. Kenya haikupinga wala haikukubali. Ilijizuia kupiga kura. Serikali nyingi za Afrika zilikuwa na hoja kwamba Waafrika wote ni wenyeji wa Afrika, basi nani atengwe? Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu imelijibu swali hilo kwa kutazama maisha ya jamii na namna ilivyosukumwa pembeni, badala ya kuhesabu aliyetangulia kufika. Kwa msingi huo Waendorois wa Kenya walishinda kesi yao mbele ya Tume mwaka 2010, na Waogiek mbele ya Mahakama ya Afrika mwaka 2017.

Malindi fundo hili linakazika. Waswahili wa mji, Wagiriama wenye kaya zao za msituni, Wasanye waliokuwa wawindaji: kila mmoja anaweza kuitwa mwenyeji kwa kipimo chake. Mtafiti wa nyimbo zinazomtaja Mekatilili wa Menza, mwanamke wa Kigiriama aliyewaongoza watu wake kuwapinga Waingereza, lazima aseme mapema anatumia kipimo kipi. Pia lazima abebe marundo mawili kwa pamoja. Rundo moja ni ripoti za maofisa wa kikoloni, kwa Kiingereza, katika Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka jijini Nairobi. Rundo la pili ni nyimbo za kifudu, ngoma ya mazishi, na masimulizi ya wazee, kwa Kigiriama, yanayobadilika kidogo kila yanapoimbwa. Akitumia la kwanza peke yake, Mekatilili anakuwa mhalifu wa mwaka 1913. Akitumia la pili peke yake bila kuuliza limekusanywa lini na mbele ya nani, anaandika kana kwamba sauti ya 1913 imehifadhiwa kwenye chupa.

Njia, kwa vipimo

Kuingia chuo kikuu Kenya kunadai angalau C+ ya mtihani wa kidato cha nne. Shahada ya kwanza miaka 4, ya uzamili 2. Ya uzamivu kwenye karatasi ni miaka 3, na ukweli ni kwamba wengi Kenya humaliza kwa 5 au 6, hasa wanaofundisha shule huku wanaandika.

Anayetaka kwenda nje ajue kwamba milango si sawa. Uingereza hutaka pendekezo la utafiti la maneno kati ya 1,000 na 2,000, na ni busara kumpata msimamizi kwanza, kwa barua pepe fupi inayoonyesha umesoma kazi yake. Tasnifu huko huwa maneno 80,000 hadi 100,000. Marekani pendekezo si kitu kikubwa. Kinachopimwa ni sampuli ya uandishi, kurasa 15 hadi 25, pamoja na barua za wadhamini 3, na maombi mengi hufungwa kati ya Desemba na mwanzo wa Januari kwa masomo ya Agosti au Septemba. Masomo ni marefu zaidi, lakini vyuo vingi hukulipa posho ukifundisha. Wapo waliochanganya: Simon Gikandi alitoka Chuo Kikuu cha Nairobi, akapita Edinburgh, akamaliza uzamivu Northwestern, na sasa ni profesa wa Kiingereza Princeton.

Wengi huangukia kwenye mada. “Ukoloni katika riwaya za Afrika Mashariki” si mada, ni rafu ya maktaba. Ipunguze. Yvonne Adhiambo Owuor alitoa mwaka 2019 riwaya ya Kiingereza, The Dragonfly Sea, inayoanzia kisiwani Pate. Mada inayobebeka ni hii: maneno ya Kiswahili ndani ya riwaya hiyo yanafasiriwa lini, na yanaachwa lini? Isome mara ya kwanza bila kalamu. Mara ya pili andika kila neno lisilo la Kiingereza: ukurasa, nani kalisema, kwa nani, limeelezwa au halikuelezwa. Mara ya tatu angalia jedwali lako na utafute ruwaza. Labda maelezo huja mgeni akiwepo na hutoweka watu wa nyumbani wakibaki wenyewe. Labda sivyo. Vyovyote iwavyo, sasa una dai linaloweza kupingwa, na dai lisiloweza kupingwa halina kazi.

Kosa la pili ni nadharia ya kubandika. Sura ya pili ya tasnifu inawataja wananadharia Bhabha, Spivak na Said kwa kurasa 30, kisha sura ya tatu inasimulia riwaya kana kwamba hao watatu hawakuwahi kuzaliwa. Mtahini huliona mara moja. Jaribio ni rahisi: ifute sura ya pili, uone kama uchambuzi wako umebadilika. Kama haukubadilika, nadharia ile ilikuwa pambo.

Anayerekodi watu ana safari ya ziada. Kwanza idhini ya kamati ya maadili ya chuo, kisha kibali cha NACOSTI, tume ya serikali ya Kenya inayosimamia utafiti, kisha kuripoti kwa Kamishna wa Kaunti na Mkurugenzi wa Elimu kabla hujafungua kinasa sauti. Karatasi hizo ni nusu ya ruhusa. Nyimbo za vugo za wanawake harusini, kwa mfano, mwimbaji anaweza kukubali kurekodiwa lakini akataka sauti isisikike na wanaume wala isiingie mtandaoni. Fomu ya kawaida ya chuo haina kisanduku cha hilo, basi kiongeze kwa mkono. Andika pia nakala itabaki wapi. Utafiti ulioondoka na kaseti zote na kuacha ahadi ndio uliowafanya wazee wa sehemu nyingi wamtazame kijana mwenye daftari kama mnunuzi wa vigango, na wana sababu: nyingi ya nguzo hizo za Kigiriama za kuwakumbuka marehemu ziliibwa na kuishia katika makumbusho ya Marekani.

Baada ya uzamivu vyeo hupanda kwa mfuatano wa mhadhiri, mhadhiri mwandamizi, profesa mshiriki, profesa. Kinachopandisha ni machapisho yaliyohakikiwa, ufundishaji, na wanafunzi uliowasimamia hadi wakahitimu. Riwaya yako, hata ikishinda tuzo, inaweza isikupandishe ngazi.

Kinachotokea ndani ya jarida

Makala ya jarida la fasihi huwa maneno 6,000 hadi 8,000, na ikisiri ya 150 hadi 250. Jina lako huondolewa kwenye faili, pamoja na misemo kama “kama nilivyosema katika kitabu changu”. Mhariri akiona inafaa huipeleka kwa wahakiki wawili wasiokujua nawe usiwajue. Jibu huchukua miezi, mara nyingine mwaka. Usipeleke makala moja kwa majarida mawili kwa wakati mmoja. Ukigundulika unaweza kufungiwa milango yote miwili. Jarida linalokuandikia lenyewe, likakuahidi kukubali ndani ya wiki moja na kutaja ada kabla ya kutaja uhakiki, ni la kitapeli, na chapisho la humo linaweza kukuharibia ombi la kupandishwa cheo badala ya kulisaidia.

Jibu la kawaida ni “rekebisha, ulete tena”. Wengi hulisoma kama kukataliwa, wakaiweka makala kabatini miaka 3. Kumbe ni nusu ya ushindi. Andika barua ya majibu: kila hoja ya mhakiki kwa mpangilio, umebadilisha nini, ukurasa gani. Usipokubaliana na hoja, sema na utoe sababu.

Hoja moja huja karibu kila mara kwa waandishi wa huku: “Mwandishi aeleze neno kifudu kwa wasomaji wa kimataifa, na aliweke kwa italiki.” Ni maombi mawili, yajibu mbalimbali. La kwanza lina haki: ongeza sentensi moja inayosema ni ngoma ya Kimijikenda inayoandamana na mazishi, na kwamba Mekatilili aliitumia kukusanya watu, maana bila hilo hoja yako haieleweki hata kwa Mkenya wa Kisumu. La pili lipinge. Italiki hulifanya neno lionekane mgeni ndani ya makala inayodai kwamba ni mwenyeji. Mwambie mhariri hivyo kwa mistari miwili, bila hasira, na umwombe uamuzi huo uhusu maneno yote ya Kigiriama na Kiswahili kwenye makala, lisibaki hata moja limelazwa.